Huku Kwetu Kila Kitu ni Malaria

Ukiumwa kichwa Rongo, ni malaria. Ukitapika Mbita, ni malaria. Na mara nyingi ni kweli, maana sisi watu wa ziwa ndio malaria inatusumbua zaidi Kenya. Lakini wacha niwaambie kuhusu Mama.

Mama alitolewa uvimbe Nairobi kwenye pituitari, katezi kadogo kama punje ya njegere chini ya ubongo. Walipitia puani, kidonda hata hukioni. Mimi ndiye nilimuuguza. Chuo nilikuwa nimeacha mwaka wa pili, karo ikaenda kwa MRI. Siku ya tano tukarudi Migori, mimi najiona nimemaliza kazi.

Siku ya saba akaanza kuumwa kichwa, akatapika, kisha akaniita kwa jina la mjomba. Jirani akasema, "Nyathina, hiyo ni malaria. Mpe maji mengi." Nikampa, jagi baada ya jagi. Kipimo cha malaria kikasema hakuna.

Tukakimbia Homa Bay. Daktari mmoja kijana akauliza swali moja tu: "Alipasuliwa lini?" Akapima sodiamu. Ilikuwa imeshuka vibaya.

Iko hivi: baada ya upasuaji huo, pituitari inaweza kumwaga kwa wingi homoni inayoziambia figo zishike maji. Maji yanajaa mwilini, sodiamu inapungua kwenye damu, ubongo unaanza kuvimba. Mara nyingi hutokea kati ya siku ya 4 na ya 10, mgonjwa akiwa ameshafika nyumbani. Yale maji yangu yalikuwa yanamuumiza.

Hakuna anayeweza kusema kwa uhakika itampata nani. Lakini siku zenyewe zinajulikana! Kwa hivyo kabla hujapanda basi, uliza: sodiamu itapimwa tena lini na wapi? Anywe maji kiasi gani? Kortisoli ya asubuhi ilikuwa ngapi? Kama kortisoli iko chini, atapewa haidrokotisoni, na hiyo haiachwi ghafla. Akipata malaria ya kweli, huenda dozi ikahitaji kuongezwa, kwa hivyo muulize daktari mapema.

Mama yuko sawa. Ananicheka ati nilisoma miaka miwili nikashindwa kuuliza swali moja. Basi nyinyi ulizeni.