Askofu, Tarumbeta na Kitabu Kimoja

Mwanafunzi wangu mmoja aliniuliza: "Mwalimu, nina fedha ya kitabu kimoja tu. Nisome wasifu upi ili niielewe bendi ya Huddleston?" Nilikuwa garini, nikitoka Masasi kupanda Newala. Nikamwahidi jibu nikifika. Imenichukua wiki nzima.

Kwa asiyeijua, bendi hiyo ilizaliwa Johannesburg katika miaka ya 1950. Padri Trevor Huddleston, Mwingereza aliyehudumu Sophiatown tangu 1943, alimpatia tarumbeta kijana mtukutu wa miaka 14, Hugh Masekela. Wenzake nao wakatamani ala, na Huddleston Jazz Band ikaundwa. Jonas Gwangwa alikuwa miongoni mwao. Mwaka 1956 Louis Armstrong aliwatumia tarumbeta kutoka Marekani.

Sura ya pili ya kisa hiki ni ya kwetu. Mwaka 1960 Huddleston alikuja kuwa Askofu wa Masasi. Mwaka huohuo, baada ya mauaji ya Sharpeville, Masekela aliondoka Afrika Kusini. Mwaka 1968 askofu aliondoka Masasi, na mwaka huohuo wimbo "Grazing in the Grass" wa Masekela ulishika nafasi ya kwanza Marekani. Aliyetoa tarumbeta alitumia miaka minane chini ya majabali ya Masasi, huku aliyelipokea akilipeleka duniani.

Basi tusome kipi? *Naught for Your Comfort*, alichoandika Huddleston mwenyewe, kina hasira ya mtu aliyeshuhudia Sophiatown ikivunjwa. Lakini kilitoka 1956. Hakiwezi kutuambia lolote kuhusu Masasi. *Still Grazing* cha 2004, alichoandika Masekela pamoja na D. Michael Cheers, ni sauti ya aliyepokea, na mpokeaji huona mambo ambayo mtoaji hayaoni. Upo pia wasifu wa Huddleston ulioandikwa na Robin Denniston, uliotoka 1999, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Huo unayatazama maisha yote, kwa jicho la Mwingereza mwenzake.

Kila kitabu kina dirisha lake, na kila dirisha lina ukuta kando yake. Ndiyo maana siulizi kwanza kama kitabu ni kizuri. Nauliza kiliandikwa lini, kalamu ilishikwa na nani, na ni watu gani hawakuulizwa.

Swali hilo la mwisho lilinipeleka Newala kwa mzee mmoja niliyemfahamu tangu utoto. Tulikaa barazani pake, bonde la Ruvuma likiwa chini yetu na Msumbiji ng'ambo. Baada ya shikamoo na habari za korosho, nilimuuliza kama aliwahi kusikia habari za askofu na tarumbeta.

"Askofu tulimjua, mwanangu," alisema. "Hilo tarumbeta ndiyo nalisikia leo."

Nikamsimulia. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza, "Na huko walikolipata tarumbeta, wanajua kwamba alikuja huku?"

Sikuwa na jibu. Nimefundisha miaka mingi habari za ukombozi wa Kusini mwa Afrika, nikizitaja Johannesburg, London na Lusaka. Masasi nimeitaja kwa nadra, na mimi ni mtoto wa huku. Tunawalaumu wageni kwa kuandika historia yetu nusunusu, ilhali nusu iliyobaki imekaa barazani ikitusubiri. Aliyekuwa na miaka 20 wakati Huddleston anawasili sasa amevuka 80. Maktaba hiyo haiazimishi kitabu mara mbili.

Kwa hiyo, kijana wangu, jibu langu ni hili. Kama fedha yako inatosha kitabu kimoja, nunua cha Masekela, kwa sababu bendi ilikuwa yake kuliko ilivyokuwa ya padri. Vya Huddleston na Denniston viazime maktaba. Kisha nunua daftari. Likizo ijayo nenda nyumbani, mtafute mzee aliyeijua miaka ile, umwamkie, ukae, umwache aseme. Ukirudi chuoni, nitakuomba uniazime daftari hilo.