Mpira wa Baba Huenda Kulia

Mpira wa baba huenda kulia. Niligundua hilo mwaka jana, mimi nikiwa kwenye chumba changu cha kupanga Soweto, Mbeya, yeye akiwa nyumbani Kihesa, Iringa, tukicheza gofu ya kwenye simu. Unavuta mpira nyuma kwa kidole, mshale unapita kutoka kushoto kwenda kulia, nawe unaachia ukifika katikati. Ukiwahi, mpira unapinda kushoto. Ukichelewa, unapinda kulia. Baba alichelewa karibu kila pigo.

"Baba, wahi kidogo," nilimwambia.

"Mbona naachia palepale, mwanangu."

Nikailaumu simu yake. Simu nyingi za bei ya chini huchelewa kupokea mguso, na sehemu ndogo tu ya sekunde inatosha mshale kupita. Nilijibana miezi miwili, nikamtumia nyingine kwa basi. Mpira ukaendelea kwenda kulia.

Ukweli niliujua. Mwaka mmoja kabla, baba alipata kiharusi. Maneno yalirudi, mguu ukarudi, mkono wa kulia ukarudi nusu. Lakini simu unaweza kununua nyingine.

Gofu nilimchagulia mimi. Baba alikulia Mufindi, kwenye mashamba ya chai, na utotoni alikuwa akiwabebea wachezaji mikoba ya fimbo. Hakuwahi kumiliki fimbo hata moja. Daktari alisema mkono unahitaji mazoezi, nami nikaona huo mchezo utamfaa kuliko kuminya mpira wa soksi.

Desemba nilipanda basi kwenda Iringa. Kesho yake asubuhi tulikaa barazani, na kwa mara ya kwanza nikamtazama akicheza. Jicho lake lilikuwa sahihi kabisa. Mshale ukifika katikati, aliona. Kidole ndicho kilichokawia kunyanyuka, kama mtu anayeamka usingizini.

Nikamfundisha nilichojifunza mwenyewe baada ya kupoteza michezo mingi. Usisubiri kuuona mshale katikati. Tangu jicho lione hadi kidole kitii, inapita kama robo ya sekunde, hata kwa mtu mzima wa afya. Unatakiwa ushike mwendo wake, uanze kuachia kabla haujafika. Ni kama watu wawili wanaotwanga kwenye kinu kimoja: hakuna anayesubiri kuona mchi wa mwenzake umetoka ndipo ashushe wake.

Akajaribu. Wa kwanza ukaenda kushoto kabisa. Wa pili kulia. Wa tatu ukaingia majini. Mimi nilikuwa nasema, "Sasa! Sasa!" Akaiweka simu kwenye mkeka, akanyamaza. Nikajua nimemuudhi.

Baadaye, tukinywa chai, akaanza kunisimulia habari za mzee mmoja aliyekuwa akimbebea mikoba kule Mufindi. Mpira wake ulipinda kulia siku zote. Wenzake walimshauri weee, wakachoka. Yule mzee akawa anasimama ameelekea kwenye miti ya kushoto, kama mtu aliyepotea, anapiga, na mpira unakwenda kule kisha unarudi wenyewe katikati ya uwanja.

"Mimi nilijifunza kutotazama anakoelekea," baba alisema. "Nilikwenda kusimama unakoangukia."

Kwenye gofu halisi ndivyo ilivyo. Kwa anayepiga kwa mkono wa kulia, uso wa fimbo ukichelewa kujifunga, mpira hutoka ukizunguka kwa mlalo, na hewa huusukuma kulia. Unaweza kutumia miaka kuurekebisha mkono. Unaweza pia kuujua mpindo wako na kuupa nafasi. Wachezaji wazuri hupinda mpira kwa makusudi, kukwepa mti au kuukabili upepo. Mpindo unaojirudia vilevile unaweza kuupigia hesabu. Unaobadilika kila mara ndio mgumu.

Akaichukua simu. Akasogeza shabaha kushoto, juu ya miti, mahali ambapo mimi nisingethubutu. Mshale ukapita katikati, kidole kikachelewa kama kawaida yake. Mpira ukatoka kuelekea mitini, ukajikunja taratibu, ukatua karibu na bendera.

"Kwa nini hukufanya hivi tangu mwanzo, baba?"

"Wewe ulikuwa unaniambia niwahi."

Nilirudi Mbeya siku mbili baadaye. Bado tunacheza, jioni, mtandao ukiruhusu. Yeye huanza kwa kuniandikia "Kamwene," nami namjibu, kisha tunaanza. Sasa hunifunga mara nyingi, na simwambii tena awahi.

Ila kila zamu yake ikifika, natazama anapoweka shabaha. Mwezi huu anailenga kushoto zaidi kuliko Desemba. Hajaniambia kitu, nami sijauliza. Jumamosi nitapanda basi kwenda Iringa.