Siku Moja Juu ya Mlima Hanang



Wapendwa taifa la Mungu, kila anayeishi huku Dirma anaufahamu Mlima Hanang kwa macho. Tukitoka Misani tunautazama ili kujua kama mvua i karibu. Wafugaji wetu wa Kibarbaig wanauheshimu tangu enzi za mababu zao, na wakulima wa Kiiraqw huyasoma mawingu yake kabla ya kushika jembe. Hata hivyo, mimi mchungaji wenu sikuwahi kukanyaga kilele chake. Mwezi wa Agosti nilikwenda pamoja na vijana 9 wa VIWAWA, na juma hili napenda kuwashirikisha yaliyotupata huko.

Msidhani tulikwenda mahali penye hoteli na magari ya watalii. Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Mlima Hanang iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, nayo imeachwa karibu kama Muumba alivyoiweka. Hakuna tembo wa kupigwa picha dirishani, hakuna duka, hakuna kibanda cha kulala. Kuna njia ya miguu tu. Ile tuliyoifuata huanzia Jorodom, juu kidogo ya mji wa Katesh, na kutoka hapo hadi kilele chenye mita 3,417 mtu hupanda kimo cha zaidi ya mita 1,500. Wakati wa kiangazi hakuna maji njiani; kila mmoja hubeba yake mgongoni. Anayeyamaliza mapema huwategemea wenzake, na nakiri kwamba paroko wenu alikuwa wa kwanza kuyamaliza.

Tulianza saa 11 alfajiri, tukimfuata mwongozaji mzaliwa wa pale. Mwanzoni vijana waliimba. Baada ya saa mbili nyimbo zilikoma, zikabaki pumzi. Miti ilipungua, vikafuata vichaka vifupi, kisha majani na mawe. Tulipofika mahali nilipodhani ni kileleni, nilinyanyua mikono kumshukuru Mungu. Mwongozaji akacheka kwa adabu: "Bado, Baba. Kilele ni kule." Mbele yetu ulikuwapo mgongo mrefu wa miamba, mwembamba, wenye mteremko mkali huku na huku. Ndipo safari yenyewe ilipoanza.

Miongoni mwa vijana wale alikuwapo mmoja ambaye hakuimba tangu mwanzo. Dada yake alifariki tarehe 3 Desemba 2023. Nadhani hakuna mtu wa wilaya hii aliyeisahau asubuhi ile. Ilikuwa Dominika ya kwanza ya Majilio, na Injili ya siku hiyo ilikuwa ile ya Marko inayotuasa kukesha, kwa kuwa hatuijui saa. Baada ya mvua kubwa, sehemu ya mlima ilimeguka. Tope, mawe na magogo vikashuka kwa kufuata njia za maji hadi Katesh, Gendabi na vitongoji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha, na wengi wakabaki bila makazi.

Siku ya mazishi kijana huyo aliniuliza, "Baba, Mungu alikuwa anatuadhibu?" Nami nikamjibu kama mwanafunzi aliye mbele ya mtahini. Nikamtofautishia ovu la kimaumbile na ovu la kimaadili, nikamweleza anayoyataka Mungu na anayoyaruhusu. Yote yalikuwa sahihi. Alinisikiliza kwa heshima, akasema, "Asante, Baba," kisha kwa miezi mingi hakuonekana kwaya. Nilikuwa nimemjibu swali, lakini yeye mwenyewe nilikuwa sijamwona.

Tulifika kileleni karibu na adhuhuri. Upande mmoja Ziwa Balangida lilionekana jeupe kwa chumvi, likiwa limelala chini ya ukuta wa Bonde la Ufa. Upande mwingine ilienea nchi tambarare ya Basotu, yenye mashamba makubwa ya ngano yaliyofunguliwa miaka ya 1970 kwa msaada wa Kanada, katika ardhi ambayo Wabarbaig walikuwa wakilisha mifugo yao. Mji wa Katesh ulikuwa mabati machache yanayometameta. Dirma yetu sikuitambua.

Tulisali Malaika wa Bwana, tukala viazi vyetu. Kijana yule alikaa peke yake, akitazama chini. Nikaenda kuketi karibu naye, na safari hii sikufungua kinywa. Baada ya muda mrefu akasema, "Nilikuwa nauchukia, Baba. Lakini huu mlima hata hautujui." Halafu akaomba tumwombee dada yake. Tukasali fungu moja la Rozari, naye ndiye aliyeongoza.

Wapendwa, maneno yake yamenirudisha kwenye Kitabu cha Ayubu. Ayubu anadai maelezo. Mungu anapomjibu, hamwelezi sababu ya mateso yake. Anamtembeza katika nchi isiyo na watu: kwa mbuzi wa milimani wanaozaa pasipo mchungaji, kwa punda mwitu asiyesikia kelele za msimamizi, kwa mvua inyeshayo mahali asipoishi mwanadamu. Nilipokuwa seminarini niliona jibu hilo kuwa kali mno. Kule juu nililiona kwa namna nyingine. Mlima haukuumbwa ili ututumikie, wala haukumeguka ili utuadhibu. Bwana wetu mwenyewe aliwakatalia wasikilizaji wake dhana hiyo alipotaja wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu: hawakuwa wakosefu kuliko wengine. Basi naomba jambo hili tulimalize katika jumuiya zetu ndogondogo. Asiwepo tena wa kuwaambia wafiwa kwamba ndugu zao walilipa dhambi fulani.

Lakini kukesha kunabaki kuwa wajibu wetu. Wataalamu walieleza kwamba miamba laini ya mlima ilinyonya maji mengi hadi ikashindwa kujishikilia. Hatuwezi kuizuia mvua, ila korongo tunaliona. Aliye karibu na njia ya maji na asijenge hapo kwa sababu tu babu yake hakuwahi kuona tope. Serikali na wahisani wamejenga nyumba zaidi ya 100 huko Waret kwa ajili ya waathirika. Tuwaombee wanaoanza maisha upya humo, nasi tujifunze kutokana na yaliyowapata. Na msitu ambao bado umesimama, tuuache usimame.

Tulishuka kwa magoti yanayotetemeka, tukafika Katesh giza limeingia. Dominika iliyofuata nilimwona kijana wetu amesimama mstari wa nyuma wa kwaya. Sikumwuliza kitu. Baada ya Misa alinijia sakristia, akasema, "Baba, mwakani twende tena. Ila ubebe maji ya kutosha."