Usimkataze mtoto ziwa tu, mpeleke mkalione pamoja

Watoto wengi wa Bagara wanalijua Ziwa Babati kwa neno moja: usiende. Usiende, kuna viboko. Usiende, utazama. Usiende, utapata kichocho. Ziwa lenyewe liko hapo hapo pembeni mwa mji, lakini ni wachache waliowahi kukaa na mzazi akawaeleza kiboko anaishije, au kichocho kinaingiaje mwilini.

Katazo lisilo na maelezo humtosha mtoto mdogo, kwa sababu anaogopa. Akifikisha miaka kumi au kumi na moja, akapata wenzake wa kutembea nao, woga hupungua. Hapo ndipo huenda kimyakimya.

Familia moja ya Bagara ililifahamu hilo katika wikiendi waliyoipanga kwa ajili ya mapumziko. Baba ni fundi seremala ambaye Jumamosi zake huishia karakana. Mama ni mwalimu wa shule ya msingi, na Jumapili zake huishia kwenye madaftari ya kusahihisha. Wana watoto watatu: wa kiume wa miaka 11, wa kike wa miaka minane na mdogo wa miaka minne.

Walikuwa wameweka akiba kidogo kidogo kwa miezi kadhaa. Mpango ulikuwa rahisi: Jumamosi ziwani, Jumapili Hifadhi ya Taifa Tarangire, na usiku wote walale nyumbani ili wasilipie hoteli.

Asubuhi ya ziwani

Jumamosi walifika ziwani mapema, jua likiwa bado la upole. Baba alikuwa ameshazungumza na mvuvi mmoja mzee anayepeleka wageni kuona viboko kwa mtumbwi.

"Shikamoo, mzee," watoto walisalimia.

"Marahaba, wajukuu zangu. Leo mtakaa kimya kama samaki, sawa?"

Baba na watoto wawili wakubwa walivaa maboya ya kuokolea ndipo wakapanda. Mama alibaki nchi kavu na mdogo, kwa kuwa mtoto wa miaka minne hawezi kuambiwa atulie kwenye mtumbwi akatulia.

Mzee aliwasimamisha mbali na kundi la viboko. Aliwaeleza kwamba kiboko hushinda majini kwa sababu ngozi yake haivumilii jua, na usiku hutoka kwenda kula majani, hadi kilo 40 kwa usiku mmoja. Akipiga miayo na kuonyesha meno, hana usingizi, anakuonya. Na kosa kubwa zaidi ni kusimama kati yake na maji, maana ukimzibia njia ya kurudi, atapita juu yako.

Baba naye aliwasimulia mafuriko ya mwaka 1990, wakati yeye akiwa mtoto mdogo, maji ya ziwa hili yalipoingia mjini. Binti wa miaka minane alishangaa kwamba maji yaliyotulia namna ile yaliwahi kufika kwenye nyumba za watu.

Wakati wa kurudi, mzee alinyoosha kafi kuelekea sehemu yenye matete na njia nyembamba iliyokanyagwa hadi majini.

"Ile ni njia ya kiboko," alisema. "Lakini mchana naona watoto wa shule wanaoga pale pale."

Mtoto wa kiume aliinamisha kichwa. Baada ya kimya kirefu alisema kwa sauti ndogo, "Baba, hata mimi huwa naoga pale."

"Tangu lini?"

"Tangu likizo ya mwezi wa sita. Tuko watano."

Mazungumzo ya jikoni

Baba hakusema kitu mpaka walipofika nyumbani. Jioni, watoto wakiwa wamelala, alimwambia mkewe kwamba safari ya Tarangire imefutwa. Mtoto hawezi kudanganya miezi yote ile halafu akapelekwa kutalii.

Mama alikuwa na hasira kama yake. Kwa wiki kadhaa kijana alikuwa akilalamika tumbo na kuchoka haraka, naye akadhani ni minyoo ya kawaida. Hata hivyo aliona jambo moja ambalo mumewe hakuliona: mtoto hakukamatwa, alisema mwenyewe.

"Baba fulani, tukimwadhibu leo kwa kusema, siku nyingine hatasema," alimwambia. "Ziwani hatakwenda tena, na Jumatatu anapimwa. Lakini safari ibaki."

Walibishana hadi usiku. Mwishowe walikubaliana: safari ipo, ila kijana ataelezwa kila kitu, bila kutishwa na bila kufichwa.

Siku ya tembo

Jumapili waliondoka alfajiri kwa gari walilokodi pamoja na familia ya jirani, wakashika barabara ya Arusha kupitia Magugu na Minjingu hadi Kwa Kuchinja. Tarangire ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1970 na ina ukubwa wa kilomita za mraba 2,850. Mtanzania hulipa kiingilio kwa shilingi, na cha mtoto ni kidogo kuliko cha mtu mzima.

Mama aliwavalisha wote nguo za mikono mirefu zenye rangi ya kaki. Huko kuna mbung'o, na mbung'o huvutwa na rangi ya bluu na nyeusi. Kuumwa kwake kunauma, na ndiye mdudu anayeeneza ugonjwa wa malale.

Safari ilikuwa ndefu hadi bwawa la Silale, eneo oevu linaloshikilia maji na majani mabichi wakati nchi nyingine imekauka. Tembo walikuwa wamesimama ndani, maji yamewafika tumboni, wanang'oa majani na kuyakung'uta kabla ya kula. Mdogo wa miaka minne alinyamaza kabisa, jambo ambalo halijawahi kutokea kanisani wala nyumbani.

"Mama, mbona wao wanaingia majini hawaugui?" kijana aliuliza.

Lilikuwa ndilo swali alilokuwa akilisubiri. Wakiwa ndani ya gari, alimweleza hatua kwa hatua. Mtu mwenye kichocho akijisaidia majini au karibu na maji, mayai ya mnyoo huingia humo. Yakianguliwa, vimelea huingia kwenye konokono wadogo wa maji baridi na kuzaliana. Kisha hutoka kwa wingi, hasa jua likiwa kali, wakitafuta ngozi ya binadamu. Hawahitaji jeraha, hupenya ngozi nzima, na mtu hawaoni.

"Kwa hiyo konokono anaambukizwa na sisi?"

"Ndiyo, mwanangu. Sisi tunampa yeye, yeye anaturudishia."

Kijana alikaa kimya kidogo, kisha akasema kwamba wenzake hujisaidia kwenye matete kwa sababu hakuna choo karibu. Katika mambo yote aliyoyasema wikiendi ile, hilo ndilo lililomshtua mama zaidi.

Majibu ya Jumatatu

Jumatatu kijana alipelekwa kituo cha afya, akapimwa mkojo na choo. Mayai ya kichocho yalionekana. Alipewa vidonge vya praziquantel kulingana na uzito wake, akavinywa akiwa ameshakula. Mhudumu aliwaeleza kwamba dawa huua minyoo iliyokomaa, lakini haimkingi mtoto asiambukizwe upya akirudi majini. Aliwapangia pia tarehe ya kurudi kupimwa.

Walibaki watoto wanne. Mama alikwenda nyumba kwa nyumba jioni ile. Mama wa kwanza alikataa kabisa: "Wangu haendi ziwani, mwalimu."

"Hata mimi wiki iliyopita ningekujibu hivyo hivyo," alisema, akakaa chini na kumweleza yaliyosemwa kwenye mtumbwi. Kufikia Ijumaa, watoto watatu kati ya wanne walikuwa wamepimwa. Wa nne alikuwa kwa bibi yake, na mama yake ameahidi kumpeleka akirudi.

Baba amebadilisha ratiba yake. Jumamosi moja kila mwezi karakana inafungwa saa sita mchana, na watoto ndio wanaochagua pa kwenda.

Kabla hamjaenda

Kwa mzazi anayepanga kuwapeleka watoto ziwani au hifadhini, haya ni ya kuzingatia:

Nenda na mwenyeji anayezijua tabia za viboko, na kila anayepanda mtumbwi avae boya. Ondokeni kabla giza halijaingia, kwani huo ndio muda viboko wanaotoka kula.

Msioge wala kutembeza miguu kwenye maji ya ziwa, hata kwa dakika chache. Kujifuta haraka kwa taulo si kinga ya kutegemea. Bebeni maji ya kunywa na ya kunawa kutoka nyumbani.

Dalili za kichocho ni pamoja na damu kwenye mkojo au choo, maumivu ya tumbo na uchovu, lakini wengine hawaonyeshi dalili mapema. Minyoo huchukua wiki kadhaa kukomaa na kutaga mayai, hivyo kipimo cha siku chache baada ya kuoga kinaweza kisionyeshe kitu. Mweleze mhudumu ni lini mtoto aliingia majini, na umrudishe kwa tarehe atakayokupangia.

Shuleni dawa za kichocho na minyoo zikigawiwa, hakikisha mtoto amekula asubuhi hiyo na yupo darasani.