Masega Yaliyong'olewa Brussels

Mwanzoni mwa miaka ya tisini, boulevard Anspach ilikuwa ikifurika magari. Jumamosi jioni vijana wenye Alfa Romeo Spider na Porsche 911 walipita taratibu mbele ya jengo la Bourse, vioo wameshusha, nasi tuliotoka Lubumbashi tulishindana kutambua gari kwa mlio kabla halijatokea. Niliipenda milio ile, na naipenda hadi leo. Tangu 2015 magari hayapiti tena hapo. Watu wanatembea katikati ya barabara na watoto wao.

Ninachokikumbuka kwa uchungu kilifanyika katika gereji za mtaa wa Heyvaert, karibu na mfereji, Anderlecht inapopakana na Molenbeek. Kuanzia 1993 kila gari jipya la petroli lililouzwa katika nchi za Jumuiya ya Ulaya lilipaswa kuwa na masega kwenye ekzosi: kauri yenye vitundu vidogo, iliyopakwa madini ya thamani kama platinamu, paladiamu na rodiamu. Yakishapata joto la nyuzi 300 hivi, masega hugeuza sumu ya monoksidi ya kaboni, mabaki ya petroli na oksidi za naitrojeni kuwa kaboni dioksidi, mvuke wa maji na naitrojeni. Baadhi ya magari ya michezo yalikuwa nayo hata kabla ya sheria hiyo, na wenyewe hawakuyataka. Yanaibana injini, walilalamika, yanaua sauti. Basi fundi akaleta msumeno, akachomelea bomba tupu, na masega yakatupwa kwenye rundo la vyuma chakavu. Kazi ya asubuhi moja.

Binamu yangu, aliyekuwa fundi huko, hakuikubali kazi hiyo. “Kaka, hawa wanang'oa mapafu ya gari,” aliniambia. Wenzake walimcheka.

Alikuwa na hoja nzito kuliko walivyodhani. Kwa viwango vya ukaguzi vya Ulaya, gari la enzi hizo lisilo na masega huruhusiwa kutoa monoksidi ya kaboni hadi asilimia 3.5 ya moshi wake injini ikiwa inanguruma bila mwendo. Lenye masega halipaswi kuvuka 0.5. Hiyo ni mara saba, kwa nguvu kidogo tu zilizoongezeka, ambazo ndani ya jiji hata huwezi kuzitumia.

Halafu madini yale yakapanda bei. Mwaka 2021 wakia moja ya rodiamu ilikaribia dola 30,000, na masega yakawa kitu cha kuibwa usiku chini ya magari yaliyoegeshwa. Mwaka 2020 wakaguzi wa Uholanzi waliripoti kwamba baadhi ya magari yaliyotumika yanayopelekwa Afrika yalikwisha kung'olewa masega kabla hayajapakiwa melini. Linaloniuma zaidi ni hili: masega mengi ya zamani huyeyushwa Hoboken, jijini Antwerp, kwenye kiwanda cha Umicore, jina ambalo kampuni ya Union Minière ilijipa mwaka 2001. Babu yangu aliichimbia Union Minière shaba kule kwetu Katanga. Leo thamani inabaki Ubelgiji, na moshi usiochujwa unasafirishwa kwetu.

Mwaka jana mtu mwenye Spider ya 1992 alimwendea binamu yangu akitaka masega ya asili, yenye mhuri wa kiwanda. Walitafuta kote, hayapo. Wakafunga mapya ya dukani, moshi ukapimwa, gari likafaulu. Lakini Spider hiyo haiwezi tena kuwa kama ilivyotoka Italia, na mwenyewe analijua hilo na linamuuma.

Tangu Januari 2018 Brussels imekuwa ikifunga milango yake kwa magari yenye moshi mchafu, hatua kwa hatua, katika manispaa zote 19. Gari lililozidi miaka 30, lenye namba za magari ya kale, husamehewa. Msamaha huo nauunga mkono kwa moyo wote, kwani magari haya ni urithi, na hutoka mara chache. Ila Porsche ya 1961 haikuwahi kuwa na masega, ilhali ya 1993 ilizaliwa nayo. Ningekuwa na kura katika bunge la jiji, hiyo ya pili ingesamehewa ikiwa nayo tu.