Vidole Kinywani

Jumatatu, 11 Machi 2024
Mtoto kaharisha mara sita tangu alfajiri. Maji tupu. Anatafuna ngumi, mate yanamchuruzika mpaka kifuani, na joto juu. Mama mkwe kaja, kampakata mlangoni penye mwanga, kamfungua kinywa. "Njoo uone, mwanangu. Meno ya plastiki haya."

Nikaona. Ufizi wa chini, kulia na kushoto, vivimbe viwili vyeupe. Nimeshawahi kuviona, kwenye mlango huuhuu.

Jirani naye kaangalia. Wifi naye. Kila mmoja na kidole chake.

Usiku. Radi huko Hanang. Tangu maporomoko ya Desemba nikisikia mvua mlimani silali, na leo nina sababu mbili.

Jumanne, 12 Machi
Fundi wa kung'oa meno ya plastiki anakuja kesho asubuhi, wameshamwambia. Sikuulizwa.

Mara ile, kwa kaka yake, alikuja na spoku ya baiskeli aliyoinoa. Kichwa nilikishika mimi. Mimi, kwa mikono hii. Damu ililoanisha pindo lote la kanga, kisha akaniwekea kiganjani vitu viwili laini, vyeupe, kama punje za mahindi mabichi. Akasema ndiyo sumu. Akaifuta spoku, akaenda nyumba ya pili.

Yalikuwa meno ya mwanangu. Machonge yake ya utotoni, hayajakomaa.

Leo nimemwambia kaka mtu acheke nimwone. Hataki. Kaziba mdomo kwa mkono kama siku zote. Baadaye, anakula, nimechungulia: chonge la chini kulia limetokea ubavuni, limelala. Kushoto pengo. Anatimiza kumi na moja mwaka huu.

Saa nne usiku. Macho ya mtoto yameingia ndani. Utosi umebonyea. Hapana. Sisubiri fundi.

Jumatano, 13 Machi
Nimetoka kabla hapajapambazuka, mtoto mgongoni, sijaaga.

Nesi kamfinya ngozi ya tumbo, ikarudi polepole. Hakuuliza habari ya meno kabisa. ORS: pakiti moja kwa lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, kijiko kwa kijiko, akitapika ngoja kidogo uanze tena. Zinki kidonge kimoja kwa siku, siku kumi, hata kuhara kukikoma. Ziwa asiachishwe.

Nikamwonyesha ufizi mwenyewe. "Ni chonge, mama, linajiandaa. Mpaka avuke mwaka na miezi kadhaa ndiyo litoke. Liache." Akasema wanaotobolewa huletwa wameishiwa damu, wengine na pepopunda.

Njia nzima nawaza. Mbona kila anayeharisha anakutwa nayo? Miezi saba ufizi unatuna. Miezi saba hiyohiyo uji umeanza, anatambaa, kila anachookota anakitia mdomoni. Vimekutana tu! Na mtoto mzima, nani humfungua kinywa kumwangalia? Wangefungua wangeviona vilevile.

Halafu nikakumbuka vile vidole vya juzi. Wifi alikuwa ametoka kukamua.

Alhamisi, 14 Machi
Kimya ndani ya nyumba. Fundi alirudishwa, na mama mkwe kaona haya mbele ya watu. Sina hasira naye. Alizika wawili kwa kuhara, na hakuwa na pakiti ya kumpa yeyote kati yao.

Mtoto kakojoa mara tatu. Nimefurahia mkojo kama mvua ya kwanza.

Jioni mama mkwe kaja, kasimama mlangoni. "Nipe nami nimnyweshe." Nilikuwa nimeweka jagi na sabuni hapo tangu asubuhi, nikamtilia maji. Akanawa. Hakuuliza kwa nini. Akashika kijiko, taratibu sana, mpaka kikombe kikaisha.

Jumatano, 20 Machi
Redioni wanasema leo ni Siku ya Afya ya Kinywa na Meno Duniani. Mswaki mara mbili kwa siku, dawa yenye floridi, sukari kidogo. Nimesikiliza mpaka mwisho nikisubiri wataje meno ya plastiki. Wapi. Imeniuma. Kana kwamba kinywa cha mtoto kinaanza siku anaposhika mswaki.

Kidonge cha nane leo. Choo kimeshikana. Anacheka na kuku.

Kaka mtu kaniuliza, yuko nyuma yangu nakoka moto: "Mama, huyu hawatamtoa?"

"Hawatamtoa."

Kaenda kwenye jagi, kanawa mikono, karudi kachuchumaa mbele ya mdogo wake. Kamwangalia kinywani muda mrefu. Hakuingiza kidole.