Ukweli wa ile pete ya uchumba iliyogeuka nyeupe, na glovu za kuvaa mwaloni

Najua wengi mmekuja leo kwa ajili ya ule ubuyu wa pete uliozunguka Katoro wiki nzima. Basi naumwaga wote, ila majina kapuni, maana wahusika ni watu wangu wa karibu na harusi bado ipo palepale.

Kwa ambao hamkuupata: kuna dada mmoja anachenjua dhahabu kwenye mialo ya huku Geita. Alivishwa pete ya uchumba na kijana mmoja mwenye hisa kwenye duara. Picha zikajaa WhatsApp, vigelegele, wifi mtu, kila kitu. Haujapita hata mwezi, pete ikaanza kupauka. Kwanza upande wa kiganjani, halafu yote ikawa nyeupe kama sufuria.

Watu bhana! Upande wa dada wakasema kijana kamvisha pete ya bandia, mchimbaji gani anachimba dhahabu halafu anamvisha mtu bati? Upande wa kijana nao wakaja na lao, kwamba dada kaiuza pete ya kweli sokoni na kujinunulia ya kuzugia. Simu zikaacha kupokelewa. Mashangazi wakaanza kuulizana habari za ng'ombe.

Mimi nikamwambia dada, tuachane na maneno, twende kwa sonara. Yule mzee aliishika pete, akaigeuza mara mbili, wala hakuuliza imenunuliwa wapi. Aliuliza swali moja tu.

"Binti yangu, unashika zebaki?"

Dada akasema ndiyo, kila siku.

"Basi mchumba wako hana kosa. Dhahabu ni ya kweli, imekula zebaki tu. Ila tumbo hilo lina miezi mingapi?"

Tukakaa kimya wote. Maana kweli dada ni mjamzito, na siku hiyo kitenge hakikuficha kitu.

Sasa nieleze vizuri, wapo wasomaji wa Dar na Mombasa ambao hawajawahi kufika mwaloni. Zebaki ni ile chuma ya majimaji, nzito karibu mara kumi na nne ya maji. Kazi yake ni kwamba ikikutana na dhahabu inaishika. Mchanga uliosagwa kwenye karasha ukishaoshwa na kubaki ule mzito, unamwagia zebaki kwenye beseni, unafikicha kwa mikono, inakusanya chembechembe zote. Kisha unakamua kwenye kitambaa, unabaki na kidonge cheupe. Ukikichoma, zebaki inaondoka kwa mvuke na dhahabu inabaki. Sasa zebaki haijui kama dhahabu hii ni ya kwenye mchanga au ya kwenye kidole cha mchumba wa mtu. Yote inaishika. Ndiyo maana pete iligeuka nyeupe.

Sonara alituonya na jambo lingine: usije ukaichoma pete ya namna hiyo jikoni kwako ili rangi irudi. Rangi itarudi kweli, lakini zebaki yote inaingia kwenye chumba unacholala.

Kijana alipoelezwa alicheka mpaka akakaa chini, halafu akaacha kucheka alipoelewa ile ya tumbo. Maana zebaki kwa mama mjamzito haiishii kwa mama. Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye orodha ya kemikali kumi zinazotishia zaidi afya ya watu, na mtoto aliye tumboni ndiye yupo kwenye hatari kubwa, kwa sababu ubongo wake ndiyo kwanza unajengwa. Kwa mtu mzima inaleta mikono kutetemeka, usingizi kupotea, kusahausahau, hasira zisizo na sababu. Huku kwetu ukiona mzee wa mwaloni anatetemeka na kikombe cha chai, watu wanasema ni gongo. Siyo kila mara ni gongo.

Basi dada akaniuliza, "Kwa hiyo nivae glovu gani?" Mimi nilipomaliza kidato cha nne nilikaa mwaloni mwaka na nusu kabla ya haya mambo ya kublogu, kwa hiyo glovu nazijua kuliko lipustiki. Tulizunguka naye madukani siku nzima. Hiki ndicho nilichomwambia.

Glovu nyeupe za hospitali, zile za lateksi, waachie manesi. Ni nyembamba, na mchanga wa karasha una ncha kama wembe. Ukifikicha dakika chache zina tundu, wewe huoni, na zebaki imeshaingia ndani inakaa na ngozi yako. Hapo ni afadhali ungekuwa mikono mitupu, ungeiona na kunawa.

Glovu za ngozi za mafundi wa kuchomelea ni nzuri kwa moto, siyo kwa maji. Zinanyonya, na zebaki inajificha kwenye mishono. Vilevile zile za kufumwa zenye mpira upande wa kiganja tu, wanazovaa mafundi ujenzi. Mgongoni zinapitisha maji kama chandarua.

Na wale wanaofunga mkono kwa mfuko wa nailoni na mpira wa pesa, jamani. Mifuko yenyewe ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, na hata ingekuwepo haifai, inachanika na kuteleza.

Zinazofaa ni glovu nene za nitraili au za PVC, ndefu, zinazofika karibu na kiwiko. Urefu ni muhimu kwa sababu beseni ni refu na ukiinama maji yanapanda. Ule mdomo wa juu ukunje kidogo kwa nje, utakuwa kama mfereji, ukiinua mkono maji yanaishia hapo badala ya kukuingia kwapani.

Saizi ndipo akina dada tunapoumia. Maduka mengi yanaleta saizi ya wanaume, tisa na kumi. Mkono wa dada yule ulikuwa saba. Glovu ikipwaya, vidole vinakosa hisia, huwezi kujua kama zebaki imeshakusanyika, na usipojua unaivua. Ukishaivua umerudi kulekule. Pima: zungusha uzi kwenye kiganja chini ya vifundo, bila kidole gumba, halafu uupime kwa rula ya inchi. Inchi saba ni saizi saba. Muuzaji akikuambia zote ni sawa, hama duka.

Kabla hujalipa, ijaribu. Pulizia hewa, ifunge mdomo kwa mkono, ikandamize karibu na shavu. Ikitoa hata kaupepo, rudisha. Jaribio hilo ulifanye kila asubuhi kabla ya kazi, ila ikishatumika usiguse kwa mdomo wala shavu, jaza maji na uangalie kama yanavuja.

Halafu kuna suala la baridi. Watu wanadhani huku ni joto mwaka mzima. Njoo mwezi wa sita au wa saba saa kumi na mbili asubuhi uweke mikono kwenye maji ya mwaloni uone vidole vinavyokufa ganzi. Na glovu ya mpira peke yake haizuii baridi, baadaye jua likitoka inakutoa jasho mpaka ngozi inakunjamana. Dawa yake ni glovu nyembamba za pamba kwa ndani, zile wanazovaa mabendi ya shule kwenye gwaride. Asubuhi zinatunza joto, mchana zinanyonya jasho. Nunua jozi mbili, moja ivae na nyingine ikauke. Ukinunua glovu ya nje na hizi za ndani zisikutoshe, panda saizi moja.

Ukimaliza kazi, osha glovu zikiwa bado mkononi, na maji yake yasiende kisimani wala mtoni. Zivue kwa kuzigeuza nje ndani. Usizipeleke nyumbani. Kuna watu wanaoshea nazo vyombo, wengine wanamfulia nazo mtoto nepi! Na vito vyote vivuliwe nyumbani, pete, bangili, cheni. Siyo kwa sababu ya pete tu, bali chini ya pete ndipo uchafu unapokaa.

Sasa wadau, nisikilizeni hapa, maana ndipo penye uzito.

Glovu hata ikiwa bora namna gani, inalinda mkono. Zebaki ya mwaloni haipiti sana kwenye ngozi, njia yake kubwa ni pua. Mvuke wake ukiuvuta, karibu asilimia 80 unabaki mwilini. Na mvuke huo hauna harufu wala rangi. Kwa hiyo mtu anaweza kuvaa glovu nzuri kabisa kufikicha, akazivua, akaenda kuchoma kidonge kwenye kikaango huku kichwa kimeinamia jiko. Huyo hajajilinda, kavaa urembo.

Kuna mwalimu mmoja wa kemia Marekani, Karen Wetterhahn wa chuo cha Dartmouth. Agosti 1996 alidondokewa na matone machache ya dimethili zebaki juu ya glovu ya lateksi aliyokuwa amevaa maabara. Alikuwa amefuata taratibu zote za wakati ule. Ile kemikali ilipita kwenye glovu kwa sekunde chache. Alifariki Juni 1997, akiwa na miaka 48. Zebaki ile siyo hii ya kwetu, ile ni kali mno na mwaloni haipo. Nimeileta hapa kwa sababu moja: yule mama alikuwa mtaalamu, na glovu alivaa. Tatizo haikuwa ya kazi ile.

Kwa hiyo kuchoma ni kwenye ritoti, kile kifaa kinachofungwa na kukusanya mvuke urudi kuwa majimaji, tena zebaki yenyewe unaitumia upya, ni pesa. Rwamgasa hapahapa Geita walifundishwa hayo miaka ya 2000 na mradi wa Umoja wa Mataifa. Tanzania imeridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020, na mkataba huo unataka uchomaji wa wazi ukomeshwe. Sheria ipo, ritoti ipo, tunachokosa ni mwenye mwalo kuona kwamba mapafu ya mfanyakazi ni sehemu ya gharama kama dizeli ya karasha.

Na kwa mjamzito au anayenyonyesha, nasema bila kupaka mafuta: hakuna glovu yake. Aondoke kwenye zebaki, na asikae karibu na wanaochoma. Dada yetu sasa hivi yuko kwenye hesabu za viroba, anaandika nani kaleta mingapi, mbali na moshi, na wiki ijayo anaenda kliniki kusema ukweli wote wa kazi yake. Ameniambia kipato kimepungua na hilo linamuuma, sitawadanganya kwamba kila kitu kiko poa. Mchumba wake amejaziliza sehemu. Glovu tulizonunua amempa mdogo wake, na saizi zimemkaa.

Ombi langu kwa mabosi wa mialo: siku ya kuajiri, kabla hujauliza mtu anajua kufikicha au la, pima kiganja chake. Jozi ya glovu nilinunua kwa bei ambayo haifiki hata pointi moja ya dhahabu.

Wadau wa Nyarugusu, Mwakitolyo na Kahama, nyie huko saizi ndogo mnazipata wapi? Andikeni hapo chini duka lilipo na bei, kuna dada atasoma.